Jina Nililolichagua Mwenyewe

Mume wangu Falakhe aliniletea majina mawili asubuhi moja ya mvua, nikiwa kitandani namnyonyesha mtoto, akaniambia nichague.

"Baba amesema wewe ndiye uliyemzaa, kwa hiyo wewe ndiye utakayesema. Bhekumuzi au Vusumuzi."

Nilicheka. Katika boma la kina Mkhize mkamwana hachagui hata kuku wa kuchinja. Tangu nilipoletwa hapa Msinga kutoka Edendale nilikuwa nimezoea kuambiwa kaa huku, funika kichwa, usikatize mbele ya zizi, neno lile usilitamke. Leo naulizwa jina, tena la mtoto wa kiume, tena wa kwanza! Niliona nimepandishwa cheo. Nikavimba kichwa, mjinga mimi.

Majina yenyewe ukiyasema haraka unaweza kudhani ni jina moja. Umuzi ni boma, nyumba na watu wake na mifugo yake. Bhekumuzi anaambiwa alitunze boma. Vusumuzi anaambiwa aliinue. Wanaume wenye majina hayo wamejaa kila kona ya Zululand. Ukisimama stendi ya Greytown ukaita lolote kati ya hayo mawili, watageuka watu na mizigo yao. Mimi nimekulia mjini, na kwetu jina lilikuwa jina tu. Sikuona tofauti ya kumkosesha mtu usingizi.

"Bhekumuzi," nilisema. "Nataka mtoto atakayetutunza tukizeeka."

Falakhe alikaa ukingoni mwa kitanda akashika unyayo wa mtoto, akawa anauminya polepole.

"Ni zuri. Lakini fikiria kidogo, MaZondi," alisema, akiniita kwa ukoo wa kwetu. "Unamjua Bhekumuzi wa ng'ambo ya mto?"

"Yule mlevi?"

"Yule aliyelala ndani ya kaburi lililochimbiwa mtu mwingine. Wenye msiba wanafika na jeneza lao, jamaa yuko chini anakoroma."

Nilicheka mpaka mtoto akaachia ziwa, akaanza kulia.

"Halafu kuna jambo jingine," aliendelea nilipokwisha kumtuliza. "Babu yangu mzaa baba aliitwa Bhekifa. Wewe ni mkamwana, 'bheka' haitoki kinywani mwako humu ndani. Sasa mwanao utamwitaje? Utampigia mluzi?"

Hapo alinipata, maana majina ya wafu wa boma lile sikuwa nimeambiwa yote. Sisi tulioolewa hatutaji majina ya wakwe zetu wala neno lolote linalofanana nayo. Baba mkwe wangu jina lake, ambalo hata hapa silisemi, lina sauti ya lile neno la maji ndani yake, kwa hiyo mimi maji nayaita amandambi, na siku ya kwanza niliposahau, nikaomba maji kwa sauti kama nilivyokuwa nikiomba kwetu, mama mkwe aliangusha sufuria. Kuishi na mwanao mwenyewe huku unakwepa jina lake kama unavyokwepa tope, hilo sikulitaka.

"Basi Vusumuzi," nikasema.

"Sema tena."

"Vusumuzi. Vipi wewe, masikio yameziba?"

"Napenda linavyotoka kinywani mwako," alisema, akanibusu kwenye paji la uso.

Sasa nikumbushe kitu ili mtu asinione punguani. Falakhe nilimpenda mwenyewe. Hakuna aliyeniburuta. Alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, na kila Jumamosi alishuka kwenye basi pale kwetu Edendale akiwa bado na vumbi la mbao kwenye nyusi, kwa sababu alisema akienda kuoga kwanza atakosa basi na kunikosa mimi. Mtu anayekuja kwako na vumbi kwenye nyusi, humtafutii ubaya. Hata jina lake, ambalo maana yake ni "urithi wake", nilikuwa nikilitania tu. Sikuwahi kuuliza urithi wa nani.

Basi asubuhi ile alitoka kwenye mvua bila kofia, akarudi na mama yake na shangazi yake. Akawasimamisha mlangoni.

"Msikieni MaZondi mwenyewe," aliwaambia.

Nikalisema jina. Mama mkwe alijiziba mdomo kwa kiganja chenye unga, akaanza kulia machozi ya kweli, mabega yakimtikisika. "Ahsante, mwanangu," alisema. "Mungu akuweke. Umeninyanyua kutoka chini." Nikadhani mabibi wote hulia hivyo wanapopata mjukuu.

Shangazi ndiye hakulia. Huyu ni dada wa baba mkwe, mwanamke aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kumshinda, na ulimi wake haumwachi mtu apite. Kila asubuhi alikuwa na neno kwa ajili yangu: mara nyayo zangu ni laini kama za mwalimu, mara uji wangu unaweza kutumika kupaka ukuta. Siku hiyo hakutania.

"Umelichagua mwenyewe?" aliniuliza.

"Mwenyewe, Shangazi."

"Na umeelezwa?"

Falakhe akadakia: "Ameelezwa. Tumeongea yote."

Nilidhani anasema habari za yule mlevi na za babu Bhekifa. Nikaitikia kwa kichwa. Hicho kichwa changu nimekilaani mara nyingi.

Nyumba tuliyokuwa tumekaa siku hiyo ilijengwa na Mandlakayise, kaka mkubwa wa Falakhe. Sikumkuta. Alikuwa mchimba migodi. Alileta mshahara nyumbani, akanunua ng'ombe, akajenga hii nyumba ya mviringo yenye mlango wa rangi ya kijani, kubwa kuliko zote bomani isipokuwa ile ya wazee, kisha mwamba ukamwangukia chini ya ardhi kabla hajaoa. Amezikwa nyuma ya zizi. Nilikuwa najua hayo yote. Nilijua pia kwamba mama mkwe huniita "mke wa nyumba hii" kwa sauti ya heshima, nami nikachukulia kwamba heshima ni yangu.

Siku ya kumtambulisha mtoto kwa wahenga ilikuwa ya jua kali. Mbuzi alichinjwa asubuhi, beberu mweupe mwenye doa begani. Pombe ya mtama ilikuwa imechachuka vizuri, na wanawake wa jirani wakawa wanaonja na kusema bado haijaiva ili waonje tena. Mimi nilifunga kitambaa kichwani, nikajitanda shali mabegani, nikaingia nyumba kubwa na mtoto nikaketi kwenye mkeka upande wa kushoto pamoja na wanawake. Wanaume walikaa kulia. Falakhe alikuwa wa pili kutoka mlangoni. Nilijaribu kumkonyeza, hakunitazama. Nikasema labda anaona haya mbele ya wazee.

Baba mkwe alipiga magoti nyuma kabisa ya nyumba, kwenye msamo, mahali ambapo waliotangulia huongeleshwa. Alichoma majani ya impepho kwenye kigae, moshi ukapanda, akaanza kuwaita kwa majina ya sifa ya ukoo. "Khabazela! Gcwabe!" Akamwita baba yake. Akamwita kwa jina lake kamili, ambalo nalo silitaji.

Nikasikiliza tena. Mzaa baba, jina lingine kabisa. Halafu baba wa huyo, halafu wa huyo. Hapakuwa na Bhekifa. Hapakuwa na "bheka" popote mpaka mwisho wa orodha ya wafu wote wa boma lile. Nilijua nimedanganywa, lakini bado sikujua kwa nini mtu adanganye kuhusu babu yake.

Baba mkwe akapunguza sauti. Alikuwa sasa anaongea na mtu mmoja.

"Mandlakayise, mwanangu. Umekaa muda mrefu ukisema mlango wako umefungwa. Leo nakuletea habari. Ng'ombe wako walikwenda kwa Zondi, mkeo akaja, akawasha moto katika nyumba yako. Sasa amekuzalia. Huyu hapa mwanao, Vusumuzi, ameinua boma lako. Jina hili amelitaja mkeo mwenyewe, kwa kinywa chake, hakushurutishwa. Mpokee. Usiseme tena umesahauliwa."

Mwanzoni nilidhani mzee amechanganya majina ya wanawe, uzee huo. Nikamtazama Falakhe nikingoja amsahihishe. Alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu. Ndipo nilipojua kwamba mzee hakuchanganya kitu.

Katika nyumba ile, wakati ule, mkamwana hasemi. Hakohoi hata. Lakini mimi sauti ilinitoka kabla sijaitafuta.

"Baba, mke wa nani?"

Watu wote waligeuka. Mama mkwe akanishika goti. "Nyamaza, mwanangu, subiri amalize."

"Nimesikia nimeitwa mke. Nauliza wa nani."

Mzee aligeuka polepole juu ya magoti yake. Hakukasirika. Alionekana kama mtu anayetafuta kitu alichokuwa na hakika amekiweka mahali. "Wa Mandlakayise," alisema. "Uliolewa kwa ng'ombe wake, ili nyumba yake isife. Falakhe alikuoa kwa niaba yake. Si uliambiwa?"

"Na nani?"

Akamtazama mwanawe. "Falakhe?"

Falakhe akainua kiganja. "Baba, tumalize kwanza na wahenga, halafu..."

"Nilikwambia nini?" mzee alimkata. "Kabla ng'ombe hawajatoka zizini nilikwambia umweleze binti wa watu. Mtoto alipozaliwa nikakwambia tena. Nilisema sitaki kumwibia mtu tumbo lake. Mpe majina mawili, nilisema. Akitaja Bhekumuzi, mtoto ni wako, mke ni wako, na ng'ombe wa kaka yako utawarudisha polepole. Akitaja Vusumuzi, basi ameridhia, nyumba ya kaka yako imesimama. Ukarudi ukaniambia amelitaja Vusumuzi kwa moyo mweupe. Mama yako akalia kwa furaha mbele yangu!"

Mama mkwe aliachia goti langu.

Kumbe ndivyo. Haikuwa mila iliyonipiga. Mila ilinipa mlango, ikaniachia wazi, na mume wangu mwenyewe akasimama mbele ya mlango huo akinisimulia habari za mlevi aliyelala kaburini. Nilikuwa nimesema Bhekumuzi. Jina la kwanza kunitoka lilikuwa Bhekumuzi! Mtoto alikuwa ameshakuwa wangu na wake kwa pumzi moja, na Falakhe akaikalia ile pumzi akicheka, akamminya mtoto unyayo, mpaka nikaigeuza kwa mdomo wangu. Ili asirudishe ng'ombe. Kaka yake alikufa akiwa na kitu, yeye yuko hai na hana, basi akaona afadhali atoe mtoto.

"Nilitaka kukuambia," Falakhe alisema. Aliongea taratibu, kama vile watu wengine hawapo. "Nilikuwa natafuta siku nzuri."

"Ulipata siku ya kuniambia habari za mlevi, ukakosa siku ya kuniambia nimeolewa na maiti?"

Mtu mmoja upande wa wanaume akaguna.

"MaZondi, haya ni maneno ya msamoni tu. Mtoto tutamlea sisi. Nyumba ile ile, kitanda kile kile. Hakuna kitakachobadilika."

"Kama hakuna kitakachobadilika, kwa nini ulinificha?"

Nikamgeukia mzee, nikainamisha kichwa kama inavyopasa, maana yeye hakuwa amenikosea. "Baba, na kwetu? Baba yangu mdogo aliyepokea ng'ombe, alijua?"

"Alijua. Tulisema wazi mbele ya chungu cha pombe, siku ya kutoa ng'ombe. Alisema atakufikishia."

Baba mdogo ndiye aliyenilea tangu baba yangu afariki. Siku ya harusi alinikumbatia mpaka kofia ikamwanguka, akasema nisiwe na wasiwasi, naenda kwa watu wazuri. Nilibaki na shali yangu mdomoni, nimeiuma, nikihisi kila mtu aliyewahi kusema ananipenda alikuwa amekaa mahali fulani akigawana nyama yangu. Sikulia. Nilitaka kulia, lakini hasira ilikuwa imeziba njia.

Mzee alisubiri. Moshi wa impepho ulikuwa bado unapanda. "Neno limeshasemwa mbele yao," aliniambia, na niliona linamuuma. "Siwezi kulirudisha. Ningelijua dakika moja kabla, nisingelisema."

"Usilirudishe, Baba," nilijibu. "Mtoto ni Vusumuzi wa Mandlakayise. Nimekubali. Lakini basi na mengine yote yafuate hivyo hivyo. Kama mimi ni mke wa marehemu, huyu hapa ni nani wangu?"

Shangazi, kutoka kwenye kona yake, akasema kwa sauti kavu: "Shemeji yako."

"Shangazi!" Falakhe alisema.

"Nini? Nimesema uongo? Mke wa kaka yako ni nani kwako? Na mjane wa watu hapangiwi shemeji wa kuingia kwake. Anamkubali akitaka, asipotaka anamwacha nje. Muulize baba yako kama siyo hivyo."

Baba mkwe aliinamisha kichwa kukiri. Ndivyo ilivyo.

"Basi mimi simtaki," nilisema. "Na jingine, Baba. Mume wangu amekufa na sijamlilia. Hakuna aliyenivika nguo nyeusi. Nimekaa katika nyumba yake nikicheka na kuimba kama mwanamke asiye na adabu. Naomba nguo zangu za ujane, nikae mwaka wangu kama wajane wengine."

"Anatania," Falakhe alisema. Alikuwa amesimama sasa. "Baba, amekasirika tu, anatania. MaZondi, tazama huku. Ni mimi."

Sikumtazama. Ningemtazama ningeona zile nyusi, na sikuwa na uhakika na moyo wangu. Ninasema ukweli: nilikuwa bado nampenda, wakati ule ule, kwa kiasi kile kile, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Mapenzi hayana adabu ya kuondoka mara moja mtu anapogundulika.

Mzee alimtazama mwanawe, kisha akanitazama mimi. Ukitumia sheria kumfunga mtu, huwezi kumkatalia akiitumia sheria hiyo hiyo kufungua mkono mmoja. Nadhani alilijua hilo kuliko sisi sote. "Apewe nguo," alisema mwishowe, akageuka kwenye msamo akamaliza kuongea na wahenga wake kwa sauti ya chini. Mtoto alipakwa nyongo ya mbuzi, akavikwa kikuku cha ngozi mkononi, akapiga chafya kwa sababu ya moshi, na wanawake wakacheka kidogo kwa sababu mtu lazima acheke mahali.

Nguo nyeusi zilishonwa na Shangazi mwenyewe kesho yake. Alinipima bila utani. Alipofika kiunoni tu ndipo akanong'ona, "Mimi niliuliza, mwanangu. Nilipaswa kuuliza mara mbili." Falakhe alihamisha blanketi lake na viatu vyake vya kazi kwenye kibanda cha vijana wasiooa, na wapita njia walimwona akivuka uwanja na mzigo wake mchana kweupe. Hakuna aliyemsaidia kubeba. Mama mkwe alikuja kunisihi kwa niaba yake, akalia tena, safari hii mimi ndiye niliyemfuta machozi, kwa sababu yeye naye alikuwa amedanganywa kwamba nimempa zawadi.

Jumapili, watu wakiwa kanisani, nilimsikia Falakhe akikohoa nje. Ndivyo shemeji anavyotakiwa kufanya. Haingii, anakohoa, anasubiri. Nilimwacha akohoe tena kabla sijafungua ule mlango wa kijani. Alikuwa amenyoa. Alikuwa amevaa shati jeupe alilolivaa tulipofunga ndoa, au tulipofungiwa ndoa na maiti, sijui niseme vipi sasa.

"Sikuja kuomba kuingia," alisema. "Naomba nimshike tu. Naomba nimshike mwanangu."

Nilirudi ndani nikamchukua mtoto. Nikampa kwa mikono miwili, kama tunavyompa mgeni kitu.

"Vusumuzi," nilimwambia mtoto, "msalimie baba yako mdogo."